Mama Chomoa

Katika nyumba ile hakuna kitu cha umeme kilichowahi kusahaulika kwenye soketi. Mama mwenye nyumba alifanya kazi ya udobi hotelini miaka ishirini na sita, na siku moja ya ujana wake aliona pasi iliyoachwa peke yake ikiteketeza chumba kizima cha mashuka. Tangu siku hiyo, akipita mahali akakuta plagi imechomekwa na hakuna mtu karibu, anachomoa. Chaja za simu, feni, redio, hata jokofu, mara mbili, na nyama ikaharibika mara mbili. Wanawe walilalamika mpaka wakachoka. Wakampachika jina la Mama Chomoa, wakidhani halijui. Alilijua fika.

Sasa hebu ona mambo. Mke wa mwanawe alikuwa fundi wa kompyuta, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Huyu anaishi kwa umeme, yule anaukimbiza, na bado walipendana kuliko mama na binti wengi ninaowajua. Fundi alikuwa hodari wa kazi, na shida yake ilikuwa moja tu, kwamba alijijua. Ukutani alibandika karatasi yenye herufi kubwa: NAKILI KWANZA. Mteja hakai kitini kabla hajahubiriwa kwamba mashine isiyo na nakala ya kazi zake mahali pengine haiguswi hapa.

Ijumaa moja asubuhi aliingia wifi yake, dada wa mume, amekumbatia kompyuta mpakato yake kama mtoto mwenye homa. Huyu alikuwa mpokeaji wageni kwa daktari wa meno, lakini kwa moyo wake alikuwa mchoraji, basi tumwite Mchoraji. Kwa miaka mitatu, kila akitoka kazini, alikaa meza ya jikoni akachora kitabu cha watoto cha mbuzi anayeogopa ngazi. Kurasa arobaini, zote ndani ya mashine ile. Mchapishaji alikuwa amekikubali, ila alizitaka kurasa kabla ya saa nane mchana siku hiyohiyo. Akichelewa, zamu yake ya mtambo wa kuchapa inakwenda kwa kitabu kingine, na mbuzi anangoja mwaka ujao.

"Wifi, inaganda," alisema. "Nikianza tu kutuma, inaganda tuli. Jana imeniganda mara tisa."

Fundi aliichunguza dakika tano, akatabasamu. Ugonjwa ule aliujua. Diski ya mashine ile ilikuwa na programu yake ndogo, inayokaa ndani ya diski yenyewe na kuiongoza ifanye kazi vipi. Toleo la zamani lilikuwa na kasoro, na waliotengeneza diski walishatoa toleo jipya.

"Dakika kumi," akasema. "Naliweka hili jipya, unamtuma mbuzi wako, tunakunywa chai."

Mchoraji akatazama ukutani. "Si unanakili kwanza?"

"Ile ni ya wateja. Wewe ni wifi yangu."

Jamani. Mtu mzima, na akili zake timamu, chini ya karatasi aliyoiandika kwa mkono wake.

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Betri ya mashine ile ilikuwa imevimba mwezi uliopita, na Fundi mwenyewe ndiye aliyeitoa. Kwa hiyo kompyuta iliishi kwa waya wa ukutani peke yake, na maelezo ya toleo jipya yalionya: umeme usikatike kazi ikiwa inaendelea, la sivyo diski inaweza kufa. Fundi akaandika USICHOMOE kwenye karatasi, akaibandika kwenye plagi kwa utepe, kisha akamwita Mama.

"Mama, leo nakuomba. Hii usiiguse, hata nyumba ikiungua."

"Nyumba ikiungua ndipo nisichomoe?"

"Mama."

"Haya mwanangu, sigusi." Lakini aliiangalia plagi ile kwa jicho la mtu anayelazimishwa kumkaribisha mwizi.

Kazi ilianza. Asilimia kumi, arobaini, tisini, mia. Imefanikiwa, kioo kikasema, na mashine ikajiwasha upya yenyewe. Kisha kikawa cheusi, na katikati yake mstari mmoja mweupe: diski haikupatikana.

Fundi akaiwasha upya. Diski haikupatikana. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, mahali pa kuandikwa jina la diski pakawa patupu. Akaiwasha upya tena, kwa flashi, bila flashi, kwa kubonyeza hiki na kile, na kila mara jibu ni lilelile. Alitamani kuifungua aitazame diski kwa macho, lakini kuifungua ni kukata umeme, na umeme alikatazwa kuukata kazi ikiwa haijaisha. Sasa hakujua tena kama kazi imeisha au haijaisha. Saa nne ikapita, ikapita saa tano, na Mama akawa anapita mlangoni kila mara na kuchungulia ile plagi.

Ilipogonga saa sita Fundi akapiga moyo konde. "Wifi, twende barazani."

Huko nje alisema yote bila kuzunguka. "Sikunakili. Nilijifanya najua. Diski haionekani, na kurasa zako zimo humo."

Mchoraji hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, mikono magotini. "Miaka mitatu namcheka mbuzi kwa kuogopa ngazi," alisema mwishoni. "Kumbe alikuwa na sababu." Akacheka kidogo, kisha akalia kweli, na Fundi akakaa kando yake akalia naye, maana alimpenda na alijua kosa ni la nani.

Waliporudi ndani, plagi ilikuwa nje ya soketi. Waya umekunjwa vizuri kama shuka la hotelini, na karatasi ya USICHOMOE imebanduliwa, imekunjwa mara nne na kuwekwa juu ya meza. Mama alikuwa amesimama pale pale, hajaribu hata kukimbia.

"Mlitoka wote wawili," alisema. "Nimejizuia tangu asubuhi mpaka mbavu zinaniuma. Ila kuiacha peke yake, hapana, mwanangu. Siwezi."

Hasira ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Alifungua mdomo, kisha akaiona karatasi ya ukutani, akaufunga. Mwenye kosa katika chumba kile hakuwa Mama. Akachomeka waya kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya, akabonyeza kitufe.

Kioo kikawaka. Kikawa buluu, kisha akatokea mbuzi, mbuzi mwenyewe, amesimama chini ya ngazi na kwato moja hewani.

Mchoraji akapiga ukelele na kumrukia Fundi shingoni. "Wifi yangu. Fundi wangu wa mafundi."

Ingekuwa rahisi kunyamaza na kuzipokea sifa. Fundi alizitaka, nisimfichie. Lakini akashusha mikono ya wifi yake taratibu.

"Si mimi. Nimeiwasha upya asubuhi nzima, na kumbe kuwasha upya hakuikatii diski umeme hata sekunde moja. Ilikuwa haijapata kuzimika ikaamka na programu mpya. Mama ndiye aliyeizima." Akayavuta maelezo aliyoyasoma nusu, akasoma mstari wa mwisho kabisa kwa sauti: kazi ikiisha, zima mashine na ondoa umeme wote kwa dakika moja.

Mama akawatazama mmoja mmoja. "Mnanicheka."

"Hatukucheki, Mama," Mchoraji alisema. "Umeniokolea kitabu changu."

Mama alikaa kitini ghafla, mkono shavuni. Alikuwa amechomoa plagi za nyumba ile zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Safari hii Fundi alinakili kwanza, kurasa zote arobaini, kwenye diski ya pembeni, ndipo wakaanza kutuma. Mama akavuta kigoda akakaa kando ya soketi, goti likiigusa plagi. Mwanawe aliporudi kula chakula cha mchana na kutaka kuchaji simu hapo, alipigwa kofi mkononi. "Toka. Kuna kazi inaendelea."

Mashine haikuganda hata mara moja. Saa nane kasoro dakika kumi mchapishaji alijibu kwamba kurasa zote zimefika, na kwamba mbuzi amemchekesha. Fundi akaizima kompyuta. Mama alikuwa bado hajabanduka.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa, Mama."

Akaishika plagi, akaichomoa polepole kwa raha zake, na wengine wote watatu waliokuwamo chumbani, mwanawe akiwamo, wakampigia makofi.