Chachu ya Umm Ghanim

Usafi ni nusu ya imani, hilo hakuna anayelipinga, lakini Mwanahamisi wa Tanga aliitaka imani yote kwa siku moja. Nyumba ya Jibini, makumbusho madogo kule Al Wukair, nchi ya Waarabu, alikokuwa mtumishi, ilikuwa imefungwa kwa matengenezo tangu kiangazi, na Ijumaa baada ya Alasiri ilikuwa ifunguliwe tena. Basi akasugua sakafu, akasugua vyungu, akapangusa vioo vya makabati mpaka nzi wakawa wanajigonga. Mikono ilikuwa bado inamwasha kutaka kazi. Akakitungua kiriba.

Kiriba chenyewe ni ngozi ya mbuzi, nyeusi kwa umri, kinachoning'inia kwenye miti mitatu. Humo ndimo marehemu mama wa Umm Ghanim, bibi mwenye nyumba hii, alimokuwa akisukasuka maziwa enzi za mahema, siagi ikapanda juu, na mtindi uliobaki ukachemshwa, ukachujwa, ukafinywa kwa vidole ukawa jibini ya kuanika juani. Kila siku hubakizwa mtindi kidogo humo ndani uwe chachu ya maziwa ya kesho, na hivyo ndivyo ilivyorithishwa tangu jangwani. Mwiko ni mmoja: chachu haitoki nje ya nyumba. Miezi yote hiyo Mwanahamisi ndiye aliyekuwa akiitilia maziwa, kwa amana, maana Umm Ghanim alikuwa kwa mwanawe akiuguza nyonga iliyopasuliwa.

Sasa huyo mwenye amana akakiosha kiriba kwa maji ya moto na sabuni ya limau. Akakisuuza, akakianika, akajisifu.

Jumatano asubuhi maziwa aliyotia usiku yalikuwa vilevile, mepesi, yananukia choo cha hoteli. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akakaa kitako kwenye zulia la wageni. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa na povu juu yake.

Twaha, mlinzi wa getini, Mzanzibari mpenda mizaha, akaingia kuomba chai akamkuta analia.

"Dada, kulikoni? Kafa mtu?"

"Afadhali angekuwa mtu, tungezika. Nimeiua chachu, kaka Twaha. Nimeiosha."

Twaha hakucheka. Akasema madukani mtindi upo tele.

"Mama mwenye nyumba ataujua kabla haujafika ulimini," Mwanahamisi akajibu. "Juzi kanipigia simu. Kaniambia kule hospitali dua yake ilikuwa moja tu, aonje tena jibini ya mama yake. Nitamtazama kwa jicho gani?"

Twaha akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Nkwambie kitu, lakini usinipigie kelele." Akaeleza kwamba kabla nyumba haijafungwa alichota kikombe cha mtindi wa kiriba, akautorosha nje kwa chupa ya chai. Alikuwa na hamu ya mtindi, basi. Akautia kwenye ndoo chumbani kwao, kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, akawa anauongezea maziwa.

"Mpaka leo uko hai?"

"Hai? Chumba kizima tunaulea! Wanepali wanaula na dengu, Gerishon Mkenya anaula na ugali. Asiyetia maziwa siku ya zamu yake, haongeleshwi."

Mwanahamisi hakujua amkumbatie au ampige. Akampiga bega. "Mwizi mkubwa wewe," akamwambia, na kilio kikageuka kicheko hapo hapo. "Nenda kauchukue."

Jioni ile ndoo ikafika. Kiriba kilikuwa kimeshasuuzwa kwa maji ya chumvi mpaka limau likakata tamaa, kikapakwa samli kama mtoto mchanga. Alhamisi maziwa yakaganda, mazito, yenye uchachu wa kupiga puani. Ijumaa asubuhi Mwanahamisi akayasukasuka huku akimswalia Mtume, na siagi ilipopanda akapiga kigelegele peke yake. Mtindi uliobaki akauchemsha, akauchuja, akaufinya ukawa jibini, akaianika juani.

Alasiri magari yakajaa mpaka barabarani. Watoto wakakimbilia kiriba, wazee wakaketi kwa gahawa, nyumba iliyokuwa kimya ikawa na kelele za arusi. Umm Ghanim akaingia na mkongojo wake, akapewa kipande cha kwanza mbele ya wote. Akafumba macho, akatafuna polepole.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Watu wakapiga makofi.

Kisha akamvuta Mwanahamisi mkono, akashusha sauti. "Ndiyo yenyewe, lakini imetembea. Ililala wapi?"

Uongo mzuri ulikuwepo, tena tayari mdomoni. Lakini Mwanahamisi akauona ule mkono uliokonda juu ya mkongojo, akashindwa. "Niliiua, mama. Nilikiosha kiriba kwa sabuni." Akaishia hapo, kwa ajili ya Twaha.

Twaha alikuwa amewasikia. Akasogea, kofia mkononi. "Na mimi nilikuwa nimeiiba kabla, mama. Hiyo uliyoonja imelelewa kwangu." Akamweleza habari ya ndoo, zamu, dengu na ugali.

Mwanahamisi moyoni akaanza kufunga begi lake.

"Mnakula wangapi?" bibi akauliza.

"Chumba kizima, mama. Na majirani huja na bakuli."

"Na wanaipenda?"

"Wanaigombania."

Bibi akatazama kiriba, akawatazama wale wawili, akacheka mpaka ikabidi ashikwe. "Mimi nimeifungia humu miaka yote isinitoroke," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya shela, "kumbe ingenifia ndani. Leteni vikombe. Kila mgeni aondoke na chachu yake."

Vikombe vikaletwa, Mwanahamisi akawa anachota huku machozi yanamtoka bila haya. Twaha akaanza kurudi getini, bibi akamwita.

"Wewe. Ijumaa ijayo utanipeleka kwenu. Kwa nyonga hii nitakaa garini, mje na bakuli nile pamoja na wenzako."

"Mama, kule ni kambi ya wafanyakazi tu."

"Najua. Nataka niwashukuru," Umm Ghanim akasema. "Wamenitunzia mama yangu."