Unywele kwenye Uji

Mimi ni mpishi. Sijisifu, waulizeni watu wa Likoni. Kwa hivyo niliposikia Kitsao amemfokea mkewe kwa sababu ya unywele kwenye sima, moyoni nilisema huyo mke naye ajifunge kitambaa anaposonga.

Kitsao alifanya kazi na mume wangu Rama kule Changamwe, kwenye bohari ya mafuta. Tangi la petroli likishakaushwa, wao ndio walioingia ndani na makoleo kukwangua tope lililobaki chini. Kesho yake baada ya ile sima, Kitsao akakuta unywele kwenye chai. Kisha kwenye ndizi aliyoimenya mwenyewe. Mkewe, Dhahabu, maskini, akanyoa kichwa chote ili ugomvi uishe. Haukuisha. Mume akawa halali usiku, anajikwangua ulimi kwa kucha huku akicheka na watu wasiokuwapo. Ndugu zake wakasema ana pepo, wakamchukua kwao Kaloleni akapigiwe ngoma.

Rama alikuwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi hapo bohari. Alipokwenda kumtazama Kitsao alikumbuka wengine waliokwangua tangi kabla yake. Nao walilalamika unywele, nao waliachishwa kazi kwa wazimu.

"Mwanatatu," akaniambia, "ni pepo gani huyu awapandaye wakwanguaji tu, makarani akawaacha?"

Basi chama kikadai vifuniko vya uso, vile vyenye mpira mrefu wa kuvutia hewa ya nje. Bila hivyo mtu asiingie tangini. Meneja akajibu kuwa vifuniko vitaagizwa Ulaya, ila kwa sasa kila aingiaye atapewa chupa ya maziwa, maana maziwa huosha sumu. Na sisi sote tuliamini hivyo. Mtoto akinywa mafuta ya taa, si tunamnywesha maziwa?

Mkutano ukaitwa. Rama alipinga mpaka sauti ikamkauka. Akawaambia maziwa yanakwenda tumboni, na sumu wao wanaivuta puani. Akasimama Bakari, rafiki yake wa tangu utotoni, asiyekosa kula kwangu kila Ijumaa.

"Wazee wamesema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje," akasema Bakari. "Vifuniko viko Ulaya, maziwa yako hapa. Wana wetu wangapi wanayajua maziwa?"

Watu wakapiga makofi, mikono ikainuliwa, maziwa yakashinda. Wakatoka wakiimba, wallahi, kana kwamba Uhuru umeshafika.

Nilimsihi Rama aache kazi ile. Akasema hawezi kuwaacha wenzake waingie mahali asipoingia yeye. Nilikuwa nimeshachoka na chama, na kampuni, na ile harufu ya ovaroli nikiifua.

Kisha Ramadhani ikaingia. Waliofunga hawakuweza kunywa kazini, wakawa wanarudi na chupa zao nyumbani. Rama alivuka feri kila jioni na yake kwapani. Nikaacha tui, nikapika uji wa mchele kwa maziwa ya kampuni, watoto wakaramba mpaka mwiko. Nami nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Rama akimuuliza meneja habari ya vifuniko, aliambiwa viko melini. Meli gani hiyo? Hata safina ya Nuhu ilipata pa kutua.

Alikuwa amekonda, na usingizi ulimpaa. Nikasema ni saumu, na joto hili la kaskazi.

Jioni moja akafuturu kwa tende, akavuta bakuli la uji. Akanywa kidogo, kisha akatia vidole mdomoni.

"Mwanatatu, mna unywele humu."

Damu ilinipanda. Kichwa nilikuwa nimekifunga tangu asubuhi, na uji niliuchuja mwenyewe. Nikafungua kinywa nimpe jibu lake, ndipo nikamwona anavitazama vidole vyake. Havikuwa na kitu. Tukatazamana, na nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani.

"Ni wangu," nikasema. Neno hilo sijapata kumwambia mtu yeyote aliyekula kwangu. "Niwie radhi, Baba Hafswa. Kitambaa kililegea."

"Si wako."

"Ni wangu, nakuapia!"

"Usiape mwezi wa saumu, mke wangu. Si wako."

Alilisukuma bakuli kando. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa nimeshaanza. Akaniuliza shati lake la mkutano liko wapi.

"Nimewaeleza wenzangu kwa kila njia, hawakunisikia," akasema polepole, kama mtu atuaye mzigo. "Lakini Bakari anakijua chakula chako. Nikimwambia kesho kwamba nimekuta unywele kwenye uji wa Mwanatatu, ataamini ni lile tangi."