Benchi Lisilogeuzwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nyuzi sita za gitaa langu zimeketi benchi la mbele kanisani, zimevaa nguo za Jumapili, na hakuna hata mmoja uliokaa vizuri.

Kabla sijaendelea, niseme gitaa lenyewe lilinijiaje. Mama yangu alipolazwa mwaka jana, nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikaweka nadhiri: Bwana akimwinua, nitajifunza kupiga gitaa na kumshukuru nalo mbele ya ushirika mzima, mama akisikia. Kwa nini nilisema gitaa, sijui mpaka leo. Mama aliinuka. Nami, mwanamke mwenye wajukuu, nikaanza darasa la jioni katika ukumbi wa kanisa letu hapa Tukuyu, pamoja na vijana wanaoniita Mama Lusajo na kunisogezea kiti.

Shida ni kwamba mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipokuwa mtoto mama aliufunga mkono huo kwa kitambaa mpaka nikajua kula na kuandika kwa kulia. Gitaa halikudanganyika. Kila nikilishika liligeukia kushoto lenyewe, kama mbuzi ajuaye zizi lake. Mwalimu Ambakisye, ambaye hasa ni mtu wa kinanda, akasema, "Basi mama, tugeuze nyuzi. Ule mnene uje juu, mwembamba ushuke chini."

Tukageuza. Tangu siku hiyo nyuzi hazikutulia. Uzi mnene uliruka kutoka mahali pake kila nilipoupiga. Ule mwembamba ulitangatanga mpaka ukingoni mwa shingo, ukaanguka nje. Darasa zima tuliliwekea gitaa mikono, tukaliombea, na ndugu mmoja akalipaka mafuta ya zeituni. Likazidi.

Juzi Mwalimu akaniambia kwa upole, "Mama Lusajo, nyuzi zisipotulia, Jumapili nitapiga kinanda. Wewe utaimba tu." Lakini mimi sikuweka nadhiri ya kuimba.

Na jana mama akafika kwa ajili ya ibada hiyo ya shukrani. Aliponiona nimelipakata gitaa alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani.

"Tusa, mbona umelishika kama mtu anayekwepa salamu?"

"Ndivyo ninavyoweza, mama."

"Mbele za Mungu mtu hatoi kushoto. Ukilipiga hivyo, mimi nitasikilizia nje."

Nikasali, nikalala.

Basi, naota niko kanisani. Gitaa limesimama mimbarini, shingo yake imefungwa skafu kwa sababu ya baridi. Benchi la mbele ni jeupe. Nalitambua: ni kile kifupa cheupe kilichobandikwa pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa, chenye mapengo sita ya kupitishia nyuzi. Sasa kina urefu wa benchi, na kila pengo ni kiti.

Uzi mnene ni mzee mwenye koti la sufu. Amekalia pengo la mtoto, nusu yake iko hewani.

"Shikamoo," namwambia.

"Marahaba. Samahani siinuki, maana nikiinuka sitaweza kurudi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekalia paja moja tangu Kwaresima."

Upande wa pili wa benchi, ndani ya pengo pana, kuna binti mwembamba mwenye gauni la shule ya Jumapili. Ni ule uzi mwembamba.

"Afadhali babu ana paja la kukalia," anasema. "Mimi huku nimekuwa kama punje moja ya mchele kwenye sufuria ya harusi. Nikipiga chafya nahama."

Anapiga chafya. Anahama. Anaanguka chini ya benchi, wala hakuna anayeshtuka. Namwokota na kumrudisha.

"Lakini tuliwaombea," nasema.

"Tulisikia," anasema mzee. "Tukaitika amina."

"Na mafuta je?"

"Mafuta tulishukuru sana. Ila mwanangu, mtu ambaye hajakaa vizuri, ukishampaka mafuta, unategemea nini?"

Nakumbuka somo la kwanza la Mwalimu, kwamba nyuzi hukazwa mpaka zipatane. Naomba radhi na kuanza kuwakaza mmoja mmoja, nikizungusha vifungo vya makoti yao.

"Inatosha," anasema mzee. "Tumeshapatana."

"Bwana asifiwe. Mmepatana nini?"

"Kuondoka."

Wanainuka wote sita, wanachukua mabegi yao na kutoka kwa mstari. Mlango wa kanisa unafungukia kituo cha kupimia majani ya chai. Mvua inanyesha. Nyuzi zangu zimepanga foleni nyuma ya vikapu vya watu, na karani aliyesimama kwenye mizani ni lile benchi jeupe. Limetufuata.

"Hawa wanakwenda wapi?" linaniuliza.

"Wanasema hawana pa kukaa."

"Wanapo. Pengo la babu liko palepale alipokuwa zamani. La binti pia. Uligeuza watu, ukaliacha benchi. Hakuna aliyeniambia kwamba tumehama."

Nasikia aibu. Tumeomba, tumefunga, tumepaka mafuta, na benchi hatukuliarifu.

"Nifanyeje?"

"Nigeuze. Nimeshikiliwa na gundi kidogo tu. Nigonge ubavuni taratibu, nitaachia. Lakini si kwa mkono huo."

Nautazama mkono niliounyosha. Ni wa kulia. Wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kitambaa cha maua ya buluu, kilekile cha utotoni.

Mizani inaanza kutoa moshi, na hapo natambua kwamba ni jiko la mama, na kituo cha chai ni jikoni kwake. Mama ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi. Benchi limesimama kando yangu kama mgeni.

"Mama, naomba unifungue."

"Nani kakutuma?"

"Benchi."

"Benchi lipi?"

"Hili."

Mama analitazama kuanzia juu hadi chini. "Karibu," analiambia.

"Ahsante, mama," linajibu benchi, na halikai, kwa sababu ya ubenchi wake.

"Nilikufunga kwa sababu ya watu," mama ananiambia. "Walikuwa wanacheka."

"Walikuwa wananicheka mimi?"

Mama anaweka ndizi chini na kulishika fundo. Anavuta. Fundo halitoki. Nje mzee anakohoa mvuani, na binti mwembamba anasema, "Babu, tuondoke, tutashika kutu."

"Mama, fanya haraka, wanakwenda."

"Halifunguki kwa kulia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikulifunga kwa kulia."

Anahamishia kisu mkono wa kulia. Anapeleka mkono wake wa kushoto, na fundo linalegea mara moja, kama lilikuwa linamngoja mwenyewe.

"Usimwambie mtu," anasema. "Bibi yako alikufa hajui."

Naligonga benchi ubavuni. Linaachia. Naligeuza, nalo ni jepesi kama jino la mtoto. Nyuzi zinaingia zikichuruzika maji. Mzee anashuka polepole ndani ya pengo pana, anaenea, anafumba macho.

"Aaah," anasema, na hiyo ndiyo sauti nene niliyoitafuta tangu Kwaresima.

Binti anakaa mwisho wa benchi, anapiga chafya, na hahami. Wote sita wanasema amina kwa mpigo mmoja.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilisali kwanza, ndipo nikaliendea gitaa pale lilipoegemea ukuta. Nilikitazama kile kifupa. Kweli, mapengo mapana yalikuwa upande wa nyuzi nyembamba, na yale membamba upande wa zile nene. Nikajiambia kwamba hilo labda macho yangu yaliliona zamani na akili ikalichelewesha. Sikutaka kuibebesha ndoto mzigo usio wake.

Nikaenda jikoni kutafuta kijiti cha kugongea.

Mama alikuwa amenipa mgongo, kwenye kigoda, anamenya ndizi. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Kilikwenda upesi bila kusita, na ganda lilishuka lote kwa pamoja kama utepe. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akimenya hivyo.

Nikakohoa. Kisu kikahamia kulia, na kazi ikaanza kwenda kwa kuchechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamka salama?"

"Salama."

"Ndizi za huku ngumu," akasema, akiikatakata ile iliyokuwa mkononi.

"Rudisha kisu kushoto, mama."

Chungu kilikuwa kinachemka kati yetu.

"Nani kakwambia?"

"Benchi," nikasema.

Mama akakirudisha kisu kushoto, na ganda likaanza tena kushuka kama utepe.

"Haya," akasema bila kugeuka. "Jumapili uniwekee nafasi kwenye la mbele."