Nani Atakaa Mbele Kwenda Kenai

Marlene alikuwa anakaanga mkate kwenye jiko la baba yake, Makar, wakati kaka yake Rodney alipoanza kugawa viti vya pikapu yake kama chifu anayegawa mashamba.

"Jumamosi alfajiri tunaondoka Anchorage," Rodney alisema. "Maji yanajaa mchana, samoni wanaingia nayo mtoni. Mimi naendesha. Bosi wangu Preston anakaa mbele. Nyuma mkewe, shemeji yake, na wewe Marlene. Basi, gari limejaa."

"Na Baba?"

Rodney alikunywa kahawa yake kwanza. Makar mwenyewe alikuwa pale pale dirishani, wavu umemlalia mapajani, anashona matundu ya mwaka jana. Wavu huo, wenye mpini mrefu kuliko chumba na duara pana la bati alilolikunja kwa mikono yake, ndio pekee uliokuwamo katika ukoo wao.

"Goti la mzee halijapona," Rodney akasema, utadhani mzee hayumo. "Mkondo wa mto Kenai utambeba."

"Preston ametoka Texas juzi juzi!" Marlene aligeuka, uma mkononi. "Haruhusiwi hata kushika wavu. Ule uvuvi ni wa wenyeji, we si unajua? Anaenda kufanya nini?"

"Watapiga picha. Wana hamu ya kuona."

"Picha! Baba yako abaki anatazama ukuta ili watu wakapige picha?"

"Dada, punguza sauti. Mwezi ujao wanachagua msimamizi pale kazini. Nishawaahidi watu."

Kumbe! Mtu mzima na ndevu zake, anamuuza baba yake kwa cheo ambacho bado hajapewa. Marlene alimnyooshea uma. Lakini Rodney, badala ya kunyamaza akaokoka, alimgeukia mzee na kumpiga begani kwa upole.

"Usijali, Baba. Samaki wa kwanza nitakuletea wewe."

Sindano ya Makar ilisimama.

Watu wao hawali samaki wa kwanza wa msimu. Aliyemvua humpelekea yule ambaye mto umemshinda, asiyeweza tena kusimama majini, naye hapaswi kumkataa. Makar alimpelekea baba yake mwenyewe mwaka ule macho ya mzee huyo yalipopofuka kabisa. Yule mzee alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatundika vifaa vyake kwenye msumari, na hakuuliza tena habari za mto mpaka wakamzika.

"Nimekufa lini, Rodney?" Makar aliuliza. "Niambie, na mimi nijue."

"Ah, Baba! Hiyo si ni heshima?"

"Heshima ya nani? Mimi nimekwambia nimechoka? Nimekuomba samaki?"

"Asante ya punda mateke!" Marlene alifoka. "Ulipokuwa unaogopa maji, nani alisimama nyuma yako akakushika mikanda ya suruali ya mpira usizolewe? Preston?"

Rodney aliinuka, akavaa kofia. Alisema hawezi kubishana na watu wenye hasira, kwamba wavu ataupitia Ijumaa jioni, na kwamba siku moja watamshukuru. Mlango aliubamiza. Mkate ukaungua, na hakuna aliyejali.

Ijumaa jioni Rodney alikuta msumari wa wavu mtupu. Mchana wa siku hiyo Marlene alikuwa ameshaufunga wavu kwa kamba juu ya kigari chake, mpini umechomoza mbele na nyuma, kitambaa chekundu kinapepea mwishoni. Makar alikaa kiti cha mbele, biskuti ngumu na samoni wa kukaushwa mapajani.

"Hatumsubiri kaka yako?"

"Yupi? Yule mwenye bosi?"

Mzee hakucheka. Alinuna milimani kote, na walipofika mji wa Soldotna alifungua mdomo kuomba kahawa tu.

Jumamosi mchana, ufuo wa mdomo wa Kenai ulijaa watu bega kwa bega, nyavu zimesimama majini kwa mamia. Makar aliingia taratibu, goti linamuuma, mpaka maji yakafika kiunoni. Nyuma yake Marlene alimshika mikanda kwa mikono yote miwili na kukaza miguu mchangani. Mkondo uliwavuta, wakaganda. Kisha mpini ukatikisika.

"Yumo! Nivute, mwanangu, nivute!"

Walirudi kinyumenyume mpaka nchi kavu, samoni mnene anapigapiga wavuni. Makar alimpiga kirungu kimoja cha kichwa, akamkata ncha za mkia kwa mkasi kama sheria inavyotaka. Alipoinua macho alimwona Rodney.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kati ya wageni wake, suruali ya mpira imemfika kifuani, kavu kabisa, mikono haina kitu. Preston alikuwa anamuuliza ataanza kuvua saa ngapi. Rodney alipoona baba yake anamtazama aliinuka nusu.

"Baba, niazime wavu kidogo tu. Watu wananiangalia."

Makar alimbeba samaki, akapanda mchanga akichechemea, maji yanamchuruzika, watu wa ukoo wakimpisha mmoja mmoja kwa sababu walishajua anachokifanya. Akamlaza samaki kwenye mapaja ya mwanawe.

"Huyu ndiye wa kwanza," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ni wa mtu asiyeweza kusimama mtoni."

Rodney alitazama huku na huku, lakini samaki huyo hakataliwi. Alimshika kwa mikono miwili.

"Safi sana!" Preston alisema, akainua kamera. "Tabasamu, Rodney!"

Makar alikuwa ameshageuka. Aliingia tena majini na wavu wake, akimpigia Marlene kelele kwamba maji hayasubiri mtu, aje amshike mikanda.