Pipa la Maji ya Zambarau

Mama mkwe wangu na kutu ni paka na panya. Ndiyo maana karakana yetu ya kutia vitambaa rangi ilibaki kidogo tu ifungwe.

Mkaguzi wa maji alishasema: akikuta tena tunamwaga mtaroni maji ya zambarau, anafunga. Na karakana ndiyo inayotulisha sote, wakiwemo wale ambao kazi yao ni kulaumu tu. Basi shemeji yangu, mwalimu wa kemia, akatuletea dawa.

“Dawa hii mvivu,” alisema. “Peke yake inalala. Ikikutana na chuma inaamka, inaitafuna rangi yote.” Akamwaga unga wa chuma ndani ya pipa tupu, akaenda zake.

Asubuhi ya ukaguzi nikajaza pipa maji machafu, nikavaa glavu, nikamimina dawa. Nikasubiri. Zambarau vilevile.

“Mama, ule unga wa humu uko wapi?”

“Ule uchafu wa kutu? Nimeusugua wote!” Alisema kwa fahari kabisa.

Nilitaka kulia. Tukasaka chuma nyumba nzima: sufuria za alumini, ndoo za plastiki, na misumari mama mkwe alishaitupa zamani. Mume wangu akatoka mbio kwa fundi wa mageti, akarudi na kopo la unga na kandambili moja.

“Fundi anauliza, nyumba yenu haina hata msumari?”

“Usinianze,” nikamwambia.

Tukatia unga, tukakoroga. Maji yakatoa povu, yakawa rangi ya chai, yakafifia. Mkaguzi alipobisha hodi yalikuwa meupe, unga umetulia chini.

Akachungulia, akanuna. “Haya ya bomba. Mmebadilisha. Mnaniona mtoto?”

Nikaanza kueleza, nikajichanganya. Mume wangu akanisaidia, tukapotea wote wawili. Mkaguzi akatoa kufuli.

“Mwanangu,” mama mkwe akamkatiza, “koti lako lina doa la wino mkononi. Lete.”

Akamvua kabla hajajibu, akauzamisha mkono wa koti la buluu ndani ya pipa. Alimsimulia weee jinsi mtu wa ofisi anavyopaswa kuvaa, na alipomaliza akautoa: mweupe hadi kiwikoni.

Mkaguzi akalitazama koti, akalitazama pipa.

“Si ya bomba,” akasema kwa sauti ndogo, akatupigia mhuri.

“Lete na mkono wa pili,” mama mkwe akamwambia. “Utatembeaje nusunusu?”