Ngazi Thelathini na Mbili

Kazini waliniita Ramani, mimi ambaye sikuwahi kulala nje ya nyumba yangu zaidi ya siku mbili. Nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu maktabani, na fundi anayesubiri gundi ikauke hana la kufanya ila kusoma. Nilisoma vya safari. Ukisafiri kitabuni, chai unainywa katika kikombe chako, na kitanda ni kile kile kilichokwisha kuuzoea mgongo wako.

Kimoja nilikipenda kuliko vyote, kitabu cha mji mmoja wa mbali. Nilikishona upya, na maktaba ilipokichoka nikapewa niende nacho nyumbani. Jioni nilimsimulia mke wangu, muuguzi, huku akipiga pasi sare zake: ukitoka stesheni unashuka ngazi thelathini na mbili, unakutana na mto, na kando ya mto kuna mkahawa wenye meza zinazotazama daraja.

"Nikistaafu," alisema, "utanipeleka nikakae kwenye meza hiyo. Zawadi nyingine sitaki."

Nikakubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa kustaafu kulikuwa mbali. Kukafika.

Tulisafiri siku nzima, kikombe changu nimekiviringisha katika fulana. Tulipotoka stesheni, mbele yetu palikuwa tambarare kama sinia. Nikamwendea muuza magazeti.

"Samahani dada, mto uko upande gani?"

"Mto gani?"

"Unaopita katikati ya mji."

"Mzee wangu, mimi nimezaliwa hapa. Maji tunayaona bombani, tena kwa zamu."

Mke wangu aliweka sanduku chini.

"Labda umekauka," nikasema.

"Na ngazi nazo zimekauka? Miaka ishirini, bwana! Nimepiga pasi nikiutazama mto ambao haupo." Kisha akasema polepole, na hapo ndipo nilipoogopa: "Na zile Jumamosi zote ulizoniambia uko maktabani?"

Nilikuwa maktabani. Lakini shahidi wangu pekee alikuwa gundi.

Katika chumba cha hoteli alikaa dirishani, kanipa mgongo. Nikatoa kitabu, nikakikagua kama mali ya mtu mwingine. Ukurasa wa sitini na nne uliishia na abiria anayetoka stesheni. Wa sitini na tano ulianza na ngazi zinazomshusha mtoni. Nikakifungua mpaka uzi ukaonekana, uzi wangu mwenyewe, na kurasa thelathini na mbili ambazo weupe wake ulizidi kidogo ule wa jirani zao. Nikakumbuka. Siku ile mezani palikuwa na vitabu viwili vya miji tofauti vilivyofumuliwa, vya mchapishaji mmoja, kipimo kimoja, herufi zile zile. Mimi sikuwa nasoma maneno wakati wa kushona. Nilikuwa naangalia namba za kurasa, na namba zilifuatana vizuri kabisa.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili. Katika kazi yangu yote sikuwahi kurudishiwa kitabu, na nilikuwa nikilitaja hilo mara kwa mara. Mwisho nikamweleza, nikamwonyesha na uzi.

Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kwa hiyo wewe si mwongo. Ni fundi mbovu."

"Ndiyo," nikasema, nikakifunga kitabu.

"Na mto wangu uko wapi?"

"Mji wa kile kitabu kingine. Siku moja na nusu kwa treni." Nikaharakisha kuongeza, "Lakini hapa pia pana makumbusho mazuri, ukurasa wa hamsini."

"Funga sanduku, Ramani."

Treni ilitutikisa kama tembe za dawa ndani ya kopo. Chai waliyotuuzia ilikuwa na ladha ya birika, na usingizi niliuonja tu. Nilijua kwamba kile kitabu cha pili bado kiko rafuni maktabani, kinaazimwa, kikiwaambia wasomaji kwamba mji wa mto ni tambarare. Sikumtajia. Siku hiyo nilikuwa nimekiri ya kutosha.

Tuliposhuka, ngazi zilikuwepo. Chini yake mto, na kando ya mto meza. Mke wangu alinishika mkono, akateremka akihesabu kwa sauti, taratibu, kama anayepima mapigo ya mgonjwa. Alipofika chini akasimama.

"Thelathini na moja."

Mimi nilikuwa nimepata thelathini na mbili. Nikafungua mdomo.

"Hiyo moja nakusamehe," akasema. "Toa kikombe chako tunywe chai."