Albamu Tano za Chiriku

Uvumi ulimwingia Mama Chiriku akiwa kwa msusi, shingo imeinamishwa, hana pa kukimbilia. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimeshasukwa, za upande wa pili zimesimama kama zimeona chui. Msusi akavuta fungu la nywele, akashusha sauti.

"Wewe si una binti anayetafuta kazi? Umesikia ya siku hizi?"

"Sijasikia. Kuna nini tena?"

"Maofisini hawaangalii vyeti. Vyeti kila mtu anavyo. Siku hizi unaulizwa, umekuwa ukisikiliza albamu gani? Ukitaja za kihuni, unaambiwa nenda, tutakupigia. Na simu haipigwi."

"Nani kakwambia?"

"Nasikia tu. Kuna msichana mmoja wa mtaa wa juu, ana vyeti vya kujaza begi. Alitaja albamu moja. Moja tu, mama! Mpaka leo yuko nyumbani anahesabu vigae."

Mama Chiriku alicheka, akajitazama kwenye kioo, akaenda zake. Lakini uvumi ule ulimganda kama kupe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kazi yake aliifanya sebuleni, dirishani. Kila alipokanyaga pedali, cherehani ilimwimbia: albamu-gani, albamu-gani, albamu-gani. Siku ile alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mifuko iliyojaa mipira ya koki. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo msusi wako anasuka nywele, na maneno anaongeza bure."

"Lisemwalo lipo, Baba Chiriku."

"Na kama halipo?"

"Laja."

"Basi likija nitalifungulia mlango. Niletee chai."

Na kweli likaja. Lilikuja siku ya nne, kwenye simu ya Chiriku mwenyewe.

Huyu Chiriku jina lake la cheti lilikuwa jingine, lakini tangu utotoni alikuwa akiimba kutwa, akila anaimba, akilia anaimba, mpaka jina la ndege likamshika. Sasa alikuwa binti mzima wa miaka ishirini na mitatu, mwenye cheti cha kumsaidia daktari wa meno. Cheti kilikuwa kwenye fremu, ukutani, mwezi wa kumi na nne ule. Mwenye cheti alikuwa kwa dobi, kibarua cha kufua na kupiga pasi, vidole vinabanduka kwa sabuni. Jioni alivipaka mafuta kimya kimya, na mama yake akijifanya haoni.

Ujumbe ulisema: *Njoo Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, kwenye kliniki ya meno. Uje na vyeti. Na uwe tayari kutuambia albamu unazosikiliza siku hizi.*

Chiriku alirukaruka kwa furaha. Mama yake aliketi chini.

"Mama, nimeitwa kazini!"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona na mstari wa chini."

Kazi ikaanza palepale. Miezi miwili nyuma, Chiriku alikuwa amemwekea mama yake programu ya muziki kwenye simu, asishone kwa upweke. Akaunti moja, simu mbili. Kila mwisho wa mwezi programu ile ilileta ripoti ya maandishi matupu, bila picha: Albamu zako tano ulizozisikiliza zaidi. Watu walizirushiana kwenye makundi ya simu, mwenye ustaarabu wake aonekane, na asiye nao aazime. Mama Chiriku hakuwahi kuifungua. Siku ile, binti alipokwenda kwa dobi, aliifungua.

Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la pili.

Nambari moja: *Kiuno Hakiombi Ruhusa*. Mara mia tatu na sita.

Alihisi damu inapanda na kushuka kama lifti. Mara mia tatu na sita! Mtoto aliyemlea kwa mkono wake, aliyemvisha soksi nyeupe! Alijaribu kuwaza kiuno hicho kinakwenda wapi bila ruhusa, akaona ni heri asiwaze.

Hakumwambia mtu. Mambo ya aibu huoshwa ndani. Na kwa kuwa ripoti ya mwezi ule ilikuwa itoke Jumatano, siku moja kabla ya mahojiano, aliamua kuiosha akaunti kama anavyoosha kola ya shati, yaani kwa kusugua mpaka doa lihame.

Akatafuta muziki wa heshima. Alipata *Kinanda cha Utulivu, Sehemu ya Tisa*. Alipata *Nasaha kwa Vijana*, ambayo ilikuwa mzee mmoja akikohoa na kuonya. Lakini iliyomtuliza moyo ilikuwa albamu ya kwaya iitwayo *Mchanga Umekuita*, nyimbo za kuzikia kumi na mbili, kila mmoja mrefu kuliko wenzake. Hesabu yake ilikuwa rahisi: hajapata kutokea mtu aliyeitwa mhuni kwa kusikiliza nyimbo za mazishi.

Kwa siku saba simu yake ilipiga muziki huo, hasa *Mchanga Umekuita*, kutoka asubuhi mpaka jioni, imefungiwa kabatini, ndani ya sufuria, juu yake blanketi mbili, majirani wasije kumpa pole. Fundi bomba alirudi mchana mmoja, akasimama katikati ya sebule, akatega sikio.

"Mke wangu, kabati linalia."

"Ni mabomba hayo."

"Mimi ndiye fundi bomba."

"Basi yarekebishe, usiniulize mimi."

Ripoti ikatoka. Kiuno kilikuwa kimeshuka mpaka nambari ya nne. Mama Chiriku aliinakili ile orodha kwenye karatasi ya kukatia nguo, akakiruka kiuno, akaweka *Nasaha* mahali pake, kisha akamwita binti.

"Hizi ndizo albamu zako. Zikariri."

Chiriku alisoma. "Mama, hizi sizijui hata moja."

"Huhitaji kuzijua, unahitaji kuzitaja."

"Si niseme tu ninachosikiliza?"

Mama alimtazama kwa jicho la mtu aliyeona nambari moja. "Mwanangu, nina presha. Usinimalize." Na machozi yakamtoka, ya kweli, maana alikuwa ameviona vile vidole. Binti akakariri.

Alhamisi Mama Chiriku alisema atamsindikiza mpaka getini. Getini akasema mpaka mlangoni. Mlangoni aliona benchi la wagonjwa liko wazi, akaketi, akashika shavu na kuguna kidogo ili asiulizwe. Mhudumu wa mapokezi akamwuliza jino gani. "La nyuma," akasema, na akaandikwa.

Chumba cha daktari kilikuwa na mlango wa nusu, kama wa banda la kuku, kila kitu kinasikika. Daktari hakuwa mtu wa kuhoji mezani. Alimvisha Chiriku koti, akamsimamisha kando ya kiti, akamwambia amsaidie na mgonjwa aliyekuwepo, wazungumze huku wakifanya kazi. Mgonjwa alikuwa mwashi, pande la mtu, mikono kama sepetu, lakini mbele ya sindano amekuwa mtoto. Chiriku alimfunga kitambaa kifuani, akamwambia neno la chini, na yule mwashi akafumbua kinywa bila kulazimishwa. Akachomwa ganzi. Benchini, Mama Chiriku aliachia shavu kwa fahari, akalishika tena.

"Una mkono mzuri," daktari alisema. "Haya, niambie. Siku hizi unasikiliza albamu gani?"

Kisha sauti ya Chiriku ikaja imenyooka, kama ya mwanafunzi anayetaja mito.

"*Kinanda cha Utulivu, Sehemu ya Tisa. Nasaha kwa Vijana. Mchanga Umekuita...*"

"Sehemu ya tisa? Zile nane za mwanzo ulizionaje?"

"Zilikuwa... tulivu, daktari."

"Hmm. Na hiyo *Nasaha*, wimbo gani unakugusa?"

"Ule wa... kukohoa."

Daktari akacheka, si kwa ubaya. "Sikiliza, binti. Mimi nafanya kazi na muziki, kutwa. Mgonjwa asisikie mashine. Wasaidizi watatu wameniacha kwa sababu ya muziki wangu, wa mwisho aliondoka na koti langu. Nataka kujua tu kama mimi na wewe tutaweza kukaa chumba kimoja. Weka unachosikiliza wewe. Spika ile pale."

Chiriku akashusha pumzi, na Mama Chiriku akaisikia. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyefunguliwa kamba. Binti alitoa simu yake, akaiunganisha na spika, akabonyeza alama ya kuendelea, pale mtu alipoishia.

Lakini akaunti moja, simu mbili. Aliyeishia hakuwa yeye.

Kwaya ikapasuka chumbani, watu sitini, besi zikitikisa vioo:

*Mchanga umekuita, nenda, ndugu, nenda,*
*Kiti chako kimebaki, wewe huna budi kwenda!*

Mwashi akafumbua macho. Juu yake aliona taa kubwa nyeupe, na watu wawili waliofunika nyuso. Midomo imekufa ganzi.

"Ani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, tulia," daktari akasema.

"Ni ini? Ni ini nimekufa?"

"Zima, binti, zima!"

Chiriku alibonyeza. Kidole kilikosea kitufe, sauti ikapanda badala ya kushuka. Ubeti wa pili ulimkuta mwashi amesimama juu ya kiti. Ubeti wa tatu ulimkuta mlangoni. Alipita mbele ya benchi na kitambaa chake kifuani kama bendera, mate yakimtiririka, akapaza sauti kwa wagonjwa wote: "Kihieni! Kihieni wenzangu!" Wawili walimwelewa, wakakimbia.

Mama Chiriku aliinuka. Aliutambua wimbo kabla ya mtu yeyote, na mwenye kosa huitika kabla hajaitwa. Alisukuma mlango wa nusu.

Daktari alimtazama shavu. "Mama, subiri zamu yako. Jino gani?"

"Hakuna jino, daktari. Mimi ni mama yake. Huo wimbo ni wangu. Na orodha ni yangu. Yeye alitaka kusema kweli, mimi ndiye niliyemziba mdomo. Nilikuwa nimeona anachosikiliza, nikaona haya."

"Ulichoona kikoje?"

Akashika tena shavu. "*Kiuno Hakiombi Ruhusa*. Mara mia tatu na sita."

Chiriku aligeuka taratibu. "Mama," akasema, "mimi kwa dobi simu tunaacha mlangoni, kwa ajili ya maji. Jioni narudi, nalala. Mara mia tatu na sita nazipata wapi?"

"Sasa ni nani?"

"Wewe unashona ukisikiliza nini?"

"Mimi? Mimi nabonyeza ile picha yenye kofia nyekundu. Ile ya tarumbeta. Ina mwendo mzuri wa pedali..." Tarumbeta zilimrudia kichwani, moja baada ya nyingine, na kiuno chake mwenyewe juu ya kile kigoda, miezi miwili mfululizo, bila ruhusa ya mtu. Aliona heri angekuwa na jino bovu kweli, ling'olewe, apate pa kulilia.

Daktari aliwasindikiza kwa adabu. Alisema atapiga simu, na hakika alipiga, siku iliyofuata, kwa heshima zote. Kazi alimpa msichana mwingine. Huyo alipoulizwa albamu alijibu kwamba hana, chochote kikipigwa yeye sawa tu. "Wewe mkono wako ulikuwa bora," daktari alimwambia Chiriku. "Lakini yule mwashi amewaambia wenzake wa kazini kwamba hapa kwangu tunawaimbia watu wakiwa hai. Siwezi kukuweka. Si mwaka huu."

Si mwaka huu. Chiriku alirudi kwa dobi. Hakupiga kelele, hakununa. Aliichukua tu simu ya mama yake, akaitoa akaunti, akairudisha mezani karibu na mkasi. Ikawa sebule ile inasikika cherehani peke yake. Fundi bomba alisema nyumba imekuwa kimya kama bomba lililofungwa, akaona alivyotazamwa, akaenda kutafuta kazi ya nje.

Jioni ya tatu Mama Chiriku alimkuta binti anapaka vidole mafuta. Safari hii hakujifanya haoni. Akaketi karibu.

"Mwanangu, siku hizi unasikiliza nini?"

Chiriku alifunika kopo la mafuta. Ndilo swali alilokuwa hajaulizwa nyumbani.

"Nyimbo za mazishi, mama. Simu inanipendekezea hizo tu, haiamini kama napenda kingine."

Aliyeanza kucheka alikuwa binti, lakini kidogo, na hakumaliza.

Kesho yake Mama Chiriku alichukua karatasi ya kukatia nguo, akaandika kwa chaki ya fundi, akafuta, akaandika tena kwa kalamu. Ameibandika dirishani, pale wazazi wanaposimama kupimiwa sare za watoto. Msusi amekwisha kuisoma mara mbili na kusema hajui inamhusu nani.

MAMBO YA KUEPUKA

Habari inayoanza na "nasikia tu."

Akaunti moja kwa simu mbili.

Kubonyeza picha bila kusoma maneno.

Kuhukumu kiuno kabla hujajua ni cha nani.

Kumwandikia mtoto majibu ya swali ambalo wewe hujamwuliza.

Kulia mbele ya mtoto ili akubali.

Nyimbo za mazishi karibu na mtu aliyechomwa ganzi.

Kukaa benchi la wagonjwa na huumwi.

Kusindikiza kupita getini.